Fundo la Masikio Mawili

Rafiki yangu Jepleting ameshindwa kura bungeni mara thelathini na saba. Najua idadi hiyo kwa sababu kila anaposhindwa hupitia kibandani kwangu hapa mjini, mtaani Rhonda, kunywa chai, nami huchora mstari kwa chaki ubavuni mwa kabati la vikombe. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama ninahesabu siku za ng'ombe mwenye mimba. Nikamwambia ndiyo, na ng'ombe mwenyewe ni mvumilivu sana.

Mimi ni Wangare, muuza chipsi. Jepleting ni mwakilishi wa wadi yetu kule milimani, ukipita Njoro ukaendelea kupanda kuelekea Mau Narok mpaka baridi ikushike masikio. Nasema yetu kwa kuwa nilizaliwa huko na kura yangu bado iko huko. Bunge ninalosema ni la kaunti, si lile la Nairobi, na yeye yuko upande wa wachache. Kwa asiyejua mambo ya bunge, upande wa wachache ni wale wanaoruhusiwa kusema yote waliyo nayo moyoni, kisha wanahesabiwa, kisha wanakaa chini.

Usimfikirie kama wanasiasa wa mabango. Huja mjini amevaa gambuti za matope ya shambani, akifika Njoro anabadilisha viatu ndani ya duka la dawa la shemeji yake. Ndani ya mkoba wake mna Biblia ndogo, miwani, peremende za mnanaa, na sindano ya gunia yenye urefu wa kiganja. Siku ya kwanza kuingia bungeni mashine ya mlangoni ililia, na askari wa bunge aitwaye Weldon, kijana wa Olenguruone mwenye sauti ya upole, akaitoa ile sindano na kuiinua juu.

"Mheshimiwa, hii ni silaha," akasema.

"Hii ni kazi yangu," Jepleting akamjibu. "Hiyo ingine ya kuongea ni ya miaka mitano tu."

Tangu siku hiyo humwachia Weldon sindano akiingia na kuichukua akitoka, kama wengine wanavyoacha miavuli.

Tulianza kushona magunia tukiwa wasichana, mimi na yeye, kando ya barabara ya vumbi inayoteremka kutoka mashambani. Kazi ilikuwa hivi. Viazi vikishajaa gunia mpaka mdomoni, broka, yule dalali mnunuzi, hasemi basi, anasema ongeza. Wanaume wanaongeza, wanashindilia, wanaongeza tena, mpaka viazi vinasimama juu ya mdomo. Hapo mshonaji anachukua kamba ya katani na kipande cha gunia kuukuu, anavifunika, anashona mzunguko baada ya mzunguko, na kichwa kinapanda. Kichwa hicho tulikiita kilemba. Gunia lenyewe watu waliliita mukorino, kwa ajili ya vilemba vya waumini wa dhehebu la Akorino. Mama yangu mzazi alikuwa Mukorino, na jina hilo lilimuudhi mpaka siku aliyozikwa. "Kilemba changu ni cha maombi," alikuwa akisema, "si cha wizi."

Na wizi ulikuwa wizi. Gunia la kilemba hufika kilo mia moja na ishirini, na mkulima analipwa gunia moja tu.

Kila mshonaji alikuwa na fundo lake la kumalizia. Hilo lilikuwa sharti, wala si urembo: gunia likifumuka njiani, dereva aliangalia fundo akajua nani wa kugombezwa. Langu lilikuwa la mkia mmoja, la haraka haraka, na magunia yangu yalifumuka, sikatai. La Jepleting lilizungushwa mara tatu, likapitishwa chini, likaacha ncha mbili zilizosimama kama masikio ya sungura. Sikumbuki hata gunia lake moja lililofumuka barabarani.

Mbebaji wetu hodari alikuwa Kibii. Alikuwa na kifua kipana na mzaha mwingi, na ilimchukua msimu mmoja tu kumposa Jepleting. Wakaoana, wakaendelea na kazi pale pale. Mke alishona, mume akabeba. Miaka kumi na mmoja hivyo, mpaka asubuhi moja ya Julai Kibii alipopiga goti chini ya gunia na asiinuke wima tena. Gunia lenyewe lilikuwa na masikio mawili. Jepleting aliniambia hilo mara moja tu, na hakuwahi kulirudia, lakini kila alichofanya baadaye kilitoka hapo.

Kampeni yake ilikuwa ya neno moja: mizani. Sheria ya gunia lisizidi kilo hamsini iko kwa karatasi tangu zamani, alikuwa akiwaambia watu, lakini sheria bila mizani ni hadithi ya kulalia. Alitaka kaunti iweke mizani kila mahali pa kupakia viazi, na gunia lenye kilemba lisipite kizuizi cha ushuru. Hakuwa na gari wala fulana za kugawa. Alizunguka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba alikuwa amewahi kuishonea magunia. Akashinda kwa kura ambazo zingetosha kujaza kanisa moja la kijijini.

Kisha akaingia bungeni na kuanza kushindwa.

Ukisoma michango yake katika kumbukumbu za bunge, ambazo binti yangu Sue hunisomea kwenye simu, utaona mama asiyekaa kimya. Alisema juu ya zahanati iliyojengwa pasipo na njia ya kufikia. Alisema juu ya choo cha soko kinachofungwa saa kumi wakati soko linafungwa saa kumi na mbili, akauliza kama tumbo la mwananchi lina saa ya kazi. Alisema juu ya karo, maji, mbegu feki. Huanza kwa Kiswahili na kumaliza kwa Kiswahili, maana kanuni za bunge hazikuruhusu uanze na lugha hii umalizie na ile, na alitaka mama yake aelewe kila neno redioni. Si kwamba alipatia kila mara. Aliwahi kupinga kwa dakika kumi na moja ununuzi wa viti vipya vya bunge, akashindwa, viti vikaja, akavikalia. Jioni hiyo akiwa hapa kibandani alikiri kwa aibu kuwa ni viti vizuri sana.

Hoja ya mizani aliileta mara mbili. Mara ya kwanza nilifunga kibanda nikaenda kuketi sehemu ya wageni, ambako huruhusiwi kupiga makofi wala kuguna. Alieleza vizuri. Alipoketi, akasimama Mheshimiwa Peterson Gachanja, kiranja wa walio wengi, mtu mrefu wa tai nyekundu mwenye malori matatu ya kusafirisha viazi. Akafunga kifungo cha koti taratibu.

"Bwana Spika, huyu dada yetu anatuhubiria kuhusu kilemba. Lakini watu wa kwake wananiambia ni yeye alikuwa anazishona! Sasa mwizi amekuwa askari?"

Walio wengi wakapiga meza kwa kicheko. Jepleting akasimama.

"Ni kweli, Bwana Spika. Nilishona. Nilishona nyingi kuliko mwanamke yeyote wa milima ile. Ndiyo maana najua ninachosema. Mheshimiwa anazijua kutoka kwa kiti cha lori, mimi nazijua kutoka kwa mshono."

Nikasahau nikapiga makofi. Weldon akanionya kwa kidole. Hoja ikaanguka, nikarudi kibandani nikachora mstari.

Mara ya pili ikaanguka pia, na safari hiyo sikwenda, kwa sababu tulikuwa tumekosana. Niseme ukweli wangu, nisijifanye malaika. Mimi muuza chipsi nilikipenda kilemba. Gunia moja kwa bei ya gunia moja, na juu yake viazi vya bure. Kilemba kilimsomesha Sue. Nilimwambia hivyo Jepleting nikiwa nasugua sufuria, nikamwambia aache kuharibu biashara za watu kwa ajili ya kutafuta jina.

Akaweka kikombe chini polepole. "Wangare, hiyo kilemba yako imekaa kwa mgongo ya Kibii," akasema, kisha akaondoka na chai ikabaki nusu.

Tulikaa miezi miwili bila hata salamu za simu. Ni mimi niliyevunja, kwa kupanda kwenda kwao Jumapili moja na mkate wa siagi chini ya kwapa, nikijidai nimekuja kuona shamba la kaka yangu. Mlango ulikuwa wazi. Kibii alikuwa ameketi kitandani, na Jepleting amepiga magoti sakafuni anamvalisha soksi. Aliivuta soksi taratibu, akainyoosha kisiginoni, akaupiga mguu kofi dogo kumaanisha nipe wa pili. Hawakuwa na huzuni. Walikuwa wanazungumza habari za kuku.

Kibii aliponiona akacheka. "Karibu, Wangare. Unaona vile nimekuwa mtu wa heshima? Naangalia chini kila saa, ni kama niko kwa maombi."

Nilicheka naye, nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Tangu siku hiyo nikawa upande wa mizani, na mwenye kuhama dini huomba kwa sauti kubwa kuliko aliyezaliwa ndani yake.

Sasa tuje kwenye yaliyotokea mwaka huu. Mwezi wa tatu, saa ya mchana ambapo wateja ni wachache, Jepleting aliingia kibandani, akaketi kwenye benchi lake la pembeni, akasubiri nimimine chai.

"Nimempatia Gachanja," akasema.

"Umempatia nini?"

"Hoja. Ile ya mizani. Ataileta yeye."

"Kwa jina ya nani?"

"Jina yake."

Chipsi zilizokuwa kwenye mafuta ziliungua zote, na sikujali. Nilimuuliza kama amerogwa. Nilimkumbusha kicheko cha siku ile, mwizi na askari, tai nyekundu, malori matatu. Aliniacha nimalize. Ana uzoefu wa kusubiri watu wamalize.

"Yeye ako na kura, mimi niko na maneno," akasema. "Miaka nne maneno yangu yamelala njaa. Wakulima wa wadi yake wamegoma kupakia, uchaguzi uko hapa mlangoni, ameshikwa pabaya. Nikaona ni sasa. Nimemwandikia yote, hata hotuba. Atasoma tu."

"Na wewe upate nini?"

"Mizani."

"Jepleting, watu hawatajua! Wataandika Gachanja, redio itasema Gachanja, wewe mwaka ujao utaulizwa ulifanya nini bunge!"

"Wengi wape, Wangare," akasema. "Usipowapa, si unajua." Akanywa chai. "Na usiambie mtu. Hao wenzake wakinusa tu kwamba ni kitu yangu, wataiangusha kama zile zingine. Haiwezi kuja tena kabla ya uchaguzi. Ikianguka hii, imekwisha. Kwa hivyo huo mdomo."

"Mdomo gani?"

"Huo."

Niliapa kwa jina la mama yangu. Niliapa nikiwa na nia safi kabisa.

Hoja ililetwa Jumatano alasiri. Nilimwachia kibanda jirani yangu Awuor, muuza omena, nikavaa kitambaa changu cha Pasaka, nikaketi sehemu ya wageni safu ya mbele, mikono nimeikalia. Jepleting alikuwa kwenye kiti chake cha nyuma upande wa wachache, kimoja cha vile viti alivyovipinga. Hakuinua macho kunitazama.

Gachanja akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akasoma, na kusema kweli alisoma vizuri, sauti ikipanda na kushuka panapotakiwa, na mimi niliyatambua maneno yote kama mtu anavyotambua nguo zake kwenye kamba ya jirani. Mkulima, broka, kilemba, kilo mia moja na ishirini. Nilivumilia. Wenzake wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Nilivumilia hilo pia, hata nikaanza kufurahi. Kisha akageuza karatasi.

"Bwana Spika, namjua mwanamume mmoja aliyebeba magunia haya mpaka mgongo ukakataa. Leo hawezi kunyooka wala kufikia miguu yake. Kila asubuhi mke wake hupiga magoti na kumvalisha soksi."

 Halafu meza zikaanza kupigwa, pande zote mbili, na Gachanja akainamisha kichwa kidogo kupokea.

Mimi sijui niliinuka vipi. Najua tu kwamba nilisikia sauti inapasua ukumbi, na ilikuwa yangu.

"Hiyo soksi ni ya Kibii! Wewe hata humjui! Hoja ni ya Jepleting, yote ni ya Jepleting, alikuandikia!"

 Spika akagonga nyundo yake, akaamuru mgeni atolewe. Weldon alikuwa ameshafika, amenishika kiwiko kwa adabu, na hapo ndipo akili ikanirudi nikaona nilichofanya. Upande wa walio wengi watu walikuwa wanaangaliana. Mmoja, mnene mwenye miwani, akasimama kwa hoja ya nidhamu: je, ni kweli hoja hii imetoka upande ule mwingine, na kama ni kweli, walio wengi wameletewa nini hapa bila kuambiwa? Wengine wakaguna. Gachanja alisimama akizipangua na kuzipanga karatasi zake. Nikaona mizani inaondoka. Nikaona magunia yanapanda migongo ya watoto wa watu miaka mitano mingine kwa sababu ya mdomo wangu, ule ule nilioapa kuufunga.

Jepleting akainua mkono. Spika akampa nafasi.

"Bwana Spika," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kuagiza chai, "huyo mama ni rafiki yangu wa miaka mingi, na hasira zake nazijua kuliko ninavyoijua sura yake. Ananipenda kupita kiasi, na leo amekosea. Hoja iliyo mbele yetu ni ya Mheshimiwa Gachanja, mwanzo mpaka mwisho. Mimi hoja yangu ilianguka humu ndani mara mbili, na kila aliye hapa aliiona ikianguka. Leo sina hoja. Naunga mkono."

Akaketi. Weldon akanipitisha mlangoni, na mlango ukafungwa.

Tuliketi kwenye benchi la korido, mimi na Weldon, mbele ya meza yake ndogo. Sindano ya gunia ilikuwa juu ya daftari. Niliitazama hiyo, sikuweza kumtazama yeye. Nilimwambia kwamba nimeua kitu cha mtu. Nilimwambia bora hata angenifunga pingu.

"Mathe, tulia kwanza," akasema. "Bado hawajapiga kura."

Tulisubiri. Sikumbuki kama ilikuwa dakika kumi au nusu saa. Kisha ukutani kukatoka mngurumo wa meza kupigwa, ukadumu.

"Hiyo ni ndiyo ama la?" nikamuuliza.

Weldon akatabasamu kwa mara ya kwanza. "La haipigiwangi meza hivyo, mathe."

Walipotoka, Gachanja alitangulia, watu wakimshika mkono. Aliponiona alisita, kisha akaja mpaka kwenye benchi. Nilijiandaa kwa matusi. Alilegeza tai yake.

"Mama, hiyo soksi sikuiba," akasema kwa sauti ya chini. "Aliniambia nisome vile ameandika."

"Basi ungesoma na jina yake."

"Nilitaka. Hilo ndilo alinikataza." Akasimama hapo kidogo kama mtu aliyesahau anakokwenda, akaondoka. Simpendi mpaka leo, lakini nilimpunguzia.

Jepleting alitoka mwisho. Akachukua sindano yake kwa Weldon, akaitia mkobani, akanigeukia.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Twende chai."

Hakunigombeza njiani wala tulipofika. Alikula sahani nzima ya chipsi, jambo ambalo hulifanya mara chache kwa kuwa anasema tumboni mwake mna viazi vya kutosha vya utotoni. Uso wake ulikuwa umelainika, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Mimi nilichukua chaki nikasimama mbele ya kabati, nikamuuliza nichore nini. Hajashindwa, na kwa maandishi hajashinda.

"Hiyo usiandike hapa," akasema huku akilamba chumvi kidoleni. "Peleka kwa kabati ya Gachanja."

Usiku Sue alinisomea kumbukumbu za siku hiyo. Hotuba ya Gachanja ilijaza kurasa tatu, soksi na kila kitu. Mimi niliandikwa kama mgeni mmoja aliyevuruga kikao. Jepleting ana mistari michache tu, akikana kilichokuwa chake, na itabaki hivyo hata sisi sote tukishakufa. Niliudhika upya. Nilimpigia simu nikamwambia, akasema ameshavua miwani, anamkanda Kibii mgongo, tuongee kesho.

Ilichukua miezi mitatu mizani ya kwanza kufungwa. Serikali ni serikali. Kwanza ilikuja bila mawe yake, ikarudishwa, ikaja tena. Juma lililopita ndipo gunia la kwanza la kilo hamsini liliposhushwa mlangoni kwangu. Nilikuwa nimezoea kusubiri wanaume wawili wa kuingiza gunia ndani, nikapaza sauti kuita. Awuor akatoka kwenye omena zake akaliangalia, akaniambia nishike upande huu. Tukalibeba sisi wawili, tukaliweka pembeni ya jiko, na hakuna aliyeshika kiuno.

Viazi ni vichache sasa, sitaficha. Sahani imepungua kidogo na wateja wananung'unika. Nawaambia waende bungeni wakaseme.

Nilichukua kisu nilifungue. Gunia halikuwa na kichwa. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa sawasawa, bapa kama meza, mishono midogo iliyokazwa vizuri. Mwishoni mwa mshono kamba ilikuwa imezungushwa mara tatu, ikapitishwa chini, na ncha mbili zikasimama juu.

Alikuwa amekwenda siku ya kwanza ya mizani. Hakuniambia. Alikwenda na sindano yake, akaketi chini pamoja na washonaji wengine kando ya barabara ile ya vumbi, mheshimiwa mzima, akashona. Na akahakikisha moja linafika Rhonda.

Mafuta yalikuwa yameshachemka na foleni ilikuwa mpaka nje. Nilisimama na kisu mkononi, nikashindwa kulikata lile fundo. Basi nikalilaza gunia, nikaligeuza, nikalitoboa kwa chini.

"Wangare, nani anafungua gunia kwa matako?" Awuor akauliza.

Nikamwambia ashike kisu amenye viazi, watu wana njaa.